Mwanafunzi Aliyekataa Kichwa cha Kambale

Habari aliileta Verediana, anayekaanga vitumbua kwenye kona yetu hapa Lipangalala. Alisema Vitus wa Mama Bibiana ameacha kula samaki kwa sababu Wahindi wamemwambia kwamba bibi yake mzaa baba, aliyefariki mwaka wa mafuriko, amezaliwa upya na sasa ni kambale mtoni.

"Kwa hiyo akila kambale huenda anamla bibi," alisema Verediana, akigeuza kitumbua. "Ndiyo maana siku hizi ni maharage tu. Maharage hayana ukoo."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka mgongoni. Yule bibi nilimjua. Alikuwa mtu wa kujisikia sana. Kama ni kurudi samaki, asingekubali kuwa kambale wa kwenye matope, angechagua angalau perege.

Lakini uongo wa Verediana siku zote una mfupa wa ukweli ndani yake. Vitus kweli alikuwa hali samaki. Hali nyama, hali kuku, hali hata dagaa, na ilikuwa inaingia miezi kumi na moja. Hapa kwetu mtu asiyekula samaki anatakiwa awe na cheti cha daktari.

Vitus ni jirani yangu, tumetenganishwa na ua wa mabati. Ana miaka thelathini na mbili na shingo ndefu kama yangeyange. Baba yake alikata miwa kwenye mashamba ya sukari mpaka mgongo ukamkatalia. Mama yake, Mama Bibiana, ni katibu wa jumuiya yetu na sauti yake inafika kigangoni bila kipaza sauti. Vitus alifundisha historia sekondari miaka mitano, kisha akaomba ruhusa ya masomo akaenda Dar es Salaam kutafuta shahada ya pili. Mtaa ulitegemea arudi na kitu cha kutusaidia, dawa ya panya wa mpunga au kitu kama hicho. Akarudi na Wahindu.

Ndicho anachosomea: dini ya Wahindu na ndugu zake, Wajaini na Masingasinga, hasa wale walioishi katika bonde hili letu enzi za maduka yao. Mama Bibiana akiulizwa mwanawe anasomea nini, anajibu kilimo.

"Kilimo cha nini, mama?"

"Cha umwagiliaji," anasema, na hapo hapo anaanzisha wimbo wa kufungia sala.

Yalianza Vitus akiwa darasa la nne. Baba yake alipewa dukani kalenda iliyokwisha mwaka, yenye picha ya mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo na mikono minne, na Vitus akaifunikia daftari la hesabu. Katekista alipoliona akamchapa viboko vitatu, akamwambia huyo ni shetani. Vitus akauliza, kama ni shetani mbona kitambi chake kizuri hivyo, na panya wa nini miguuni? Akaongezwa viwili.

"Na muhula ule nikapata mia kwa mia," aliniambia. "Mara ya kwanza na ya mwisho. Tangu hapo nikawa na maswali."

Mimi nadhani alikuwa na maswali tangu tumboni, kwa jinsi Mama Bibiana anavyosimulia uchungu wake wa siku mbili.

Kuacha samaki kulikuwa uamuzi wake mwenyewe, hakuna Mhindi aliyemtuma. Alisema mtu hawezi kuandika habari za kufunga huku ameshika paja la kuku. Misa alikuwa anakwenda kila Jumapili, benchi la nyuma, anaimba besi. Ila Mama Bibiana alilazimika kuchemsha maharage kila siku ya Mungu, na alinilalamikia kwamba nyumba yake sasa ina mazungumzo yasiyotoka mdomoni.

Watani hawakumwacha. Kila aliyepita alimwambia Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Vitus alianza kuhesabu; alipofika arobaini na tatu akachoka. Evod, fundi baiskeli, alikuwa akijipiga kofi shavuni kisha anapaza sauti, "Kaka Vitus, huyu mbu nimemuua, hakuwa mjomba?" Vitus anajibu kwa upole kwamba hayo ni mambo mazito, yana vitabu elfu. Evod anasema sawa, lakini Ifakara hii mtu akianza kumheshimu mbu atasomewa misa mapema.

Yote hayo yangebaki kichekesho kama si msimamizi wake wa chuo. Vitus alikuwa ameandika sura mbili kuhusu familia moja ya Kihindu iliyokuwa na duka mtaa wa Viwanja Sitini, familia ya Bwana Devchand. Msimamizi akazisoma, akamwambia: hizi ni leseni za biashara na ramani za viwanja, mtu yuko wapi? Akampa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi alete sauti ya mtu aliyeishi nao, na karatasi ya mtu huyo ya kukubali kuandikwa. Asipoleta, kazi haipiti, na ruhusa ya masomo inaishia hapo hapo. Atarudi darasani mikono mitupu, na mtaa mzima unamsubiri na Baniani wake.

Devchand na watu wake walishaondoka siku nyingi. Duka lao sasa linauza mbolea.

Ilikuwa tarehe nane ya mwezi huo wa kumi. Nilikuwa naanika nepi, nikamwona upande wa pili wa ua amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika kichwa.

"Kaka Vitus, unaumwa?"

"Siumwi, Mama Fredy. Nimezunguka miezi miwili. Nimeuliza ofisi ya ardhi, nimeuliza parokiani, nimeuliza msikitini. Wote wanachokumbuka kwa Devchand ni gari jeupe."

"Babu yangu wa Mkula alikuwa mpishi wao," nikasema.

Akainua kichwa polepole. "Babu yako nani?"

"Babu Zakayo, mzaa mama. Alipika pale miaka ishirini na minane."

"Mama Fredy!" Alisimama ndoo ikamwangukia mguuni. "Kila siku tunaonana kwenye ua huu! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama namjua Mhindu. Babu ni Mndamba."

Kesho yake akaondoka peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa na siku ya kliniki ya Fredy. Nilimwambia mambo mawili tu: amwamkie babu kwanza kabla ya kutoa karatasi, na asiwe na haraka. La tatu sikulisema. Sikudhani kama mtu mzima wa bonde hili anahitaji kuambiwa.

Nyumbani kwa babu, mgeni wa heshima anawekewa kichwa cha kambale. Babu anampika mwenyewe, kwa nazi, hamruhusu mtu kugusa mwiko. Kichwa kinakaa juu ya wali kimekutazama, ndevu zake zimelala pembeni, na wenyeji wote wanasubiri wewe uanze. Vitus alipowekewa hicho kichwa, akaisogeza sahani kwa vidole viwili, kisha akamweleza babu habari za kutoumiza kiumbe chochote chenye roho.

Jioni simu yangu ikaita.

"Mke wangu," alisema babu. Ananiita hivyo tangu nazaliwa, na mume wangu Ponsiano anamwita mgoni. "Umeniletea mtu gani?"

"Shikamoo babu. Kafanya nini?"

"Marahaba. Ananiambia samaki ana roho! Nikamwambia ndiyo, alikuwa nayo mpaka saa mbili asubuhi. Anadhani nimemwekea sumu? Mimi? Mpishi? Mwambie asikanyage hapa tena. Na ile karatasi yake ya kusaini kaisahau, nimeshasokotea tumbaku."

Vitus naye alikuja kwenye ua hana rangi.

"Nilidhani nitamfurahisha," alisema. "Mtu aliyekaa na Wahindu miaka yote hiyo, nilidhani atasema, huyu ni mwenzetu."

"Kaka Vitus, askofu akija kwenu akaisukuma sahani ya mama yako kwa vidole viwili, mngemsikiliza mahubiri yake?"

Akajikuna shingo yake ndefu, akasema, "Zimebaki wiki tatu. Nifanye nini?"

"Jumamosi tunakwenda wote. Na utakula."

"Miezi kumi na moja sijagusa hata..."

"Kichwa chote," nikamwambia. "Na macho."

Jumamosi tukaenda, mimi, Vitus na Fredy mgongoni. Nilimbebea babu sukari na sabuni. Tulimkuta jikoni kwake, taulo begani kama siku zote. Alistaafu mwaka tisini na nne lakini bega lake halijapata habari. Akamchukua Fredy, akamtazama Vitus toka viatuni hadi nyweleni.

"Mke wangu, mwezi uliopita ulikuwa na mume mmoja. Huyu ni wa pili?"

"Ni jirani, babu. Amekuja kula."

"Shikamoo mzee," alisema Vitus.

Babu alimfuta Fredy mate kwanza, akachungulia sufuria, akaonja, akaongeza chumvi. Ndipo akasema, "Marahaba."

Chakula kikaletwa. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuviona pale, nadhani babu alikitafuta makusudi. Vitus akanawa. Akafumba macho, ya kambale yakabaki wazi. Akamega, akaweka mdomoni, akatulia kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Halafu koo likapanda na kushuka. Akamega tena. Babu hakula, alikuwa anahesabu matonge ya mwenzake. Vitus alipolifikia shavu la samaki, pale penye nyama laini, mkono wake ukaanza kwenda wenyewe bila kutumwa. Mwisho alikuwa ananyonya mifupa na jasho linamtoka puani.

"Roho ilikuwa wapi?" babu akamuuliza.

"Sijaiona, mzee. Labda ilikuwa kwenye mkia."

Babu akacheka, akakohoa, akampiga mgongoni. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini jambo ambalo mimi mjukuu sikuwahi kulisikia. Alisema katika nyumba ile ya Devchand hakuna samaki aliyewahi kuvuka kizingiti miaka yote ishirini na minane. Yeye mtoto wa mvuvi alikuwa anakula samaki Jumapili tu, kwake, kisha anatafuna majani ya mpera na kuoga mara mbili kabla ya kurudi kazini. "Nimefunga kwa ajili ya dini ya watu wengine," alisema. "Samaki wa uzeeni ni posho yangu. Usije tena kunisogezea sahani."

Vitus akaomba msamaha, safari hii bila kueleza kitabu. Akatoa kinasa sauti chake kidogo, akakiweka juu ya mkeka, akafungua daftari.

"Mzee, familia ile ilikuwa inamwabudu mungu yupi?"

"Mimi nilikuwa jikoni."

"Kulikuwa na sanamu? Waliimba? Kulikuwa na padre wao aliyekuja?"

"Nilikuwa jikoni," alisema babu, akaanza kutazama paa.

Kile kidude kilikuwa kinanasa kuku. Nikaona Vitus anapekua daftari, swali la kumi, la kumi na moja, yote marefu. Mimi nilikuwa namnyonyesha Fredy, nikauliza tu kwa sababu nilitaka kujua.

"Babu, sasa bila samaki ulikuwa unawapikia nini?"

Lo! Ukafunguka mlango. Dengu. Choroko. Wali. Bamia, kabichi, biringanya, chapati nyembamba unaona mkono upande wa pili. Alionyesha kwa vidole jinsi ya kuzisukuma.

"Na kachumbari?"

"Kachumbari ya nini, mke wangu? Kitunguu hakikuingia. Kitunguu, kitunguu saumu, viazi, karoti, muhogo, chochote kilichochimbwa ardhini. Mama mwenye nyumba alisema ukiking'oa unaua vijidudu vinavyoishi huko. Maji ya kunywa nilikuwa nayachuja kwa kitambaa kila asubuhi, tena kitambaa nakisuuza taratibu ili kilichonaswa kisife. Jioni wanakula jua halijazama. Likishazama, hata maji hapana."

Vitus alikuwa ameacha kuandika. Midomo yake ilikuwa wazi.

"Hawakuwa Wahindu," alisema.

"Wahindi kabisa!" alisema babu.

"Wahindi ndiyo, mzee, ila dini... walikuwa Wajaini, wale wasioumiza hata kijidudu. Viazi, maji, jua." Akajishika kichwa. "Nimeandika sura mbili nzima. Nimewaita Wahindu kuanzia ukurasa wa kwanza."

"Basi zichane," babu akamshauri. "Karatasi yako ile ilikuwa nzuri kwa tumbaku."

Sijui kama Vitus alikuwa anataka kulia au kucheka. Akafanya vyote, kidogo kidogo. Mimi nikamwambia babu aendelee, nikamuuliza kama walikuwa na sikukuu.

Babu akasema zilikuwapo siku nane, mwezi wa nane au wa tisa, mpunga ukishaingia ghalani. Wengine walifunga kwa maji tu. Jiko lilipoa, yeye akawa anasugua sufuria safi. Siku ya mwisho ya mwaka wake wa kwanza, Bwana Devchand mwenyewe akaingia jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Akasimama mbele yake, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa. Akasema, "Zakayo, kama mwaka huu nimekukosea kwa neno, kwa tendo au kwa mawazo, naomba unisamehe."

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nimjibu nini! Nilikimbia. Tajiri akikuomba msamaha ujue kesho huna kazi. Nikavua taulo, nikatoka mlango wa nyuma, nikatembea mpaka huku Mkula. Nikawaambia nyumbani nimefukuzwa. Mama yangu akaanza kulia. Siku ya tatu naona gari jeupe linakuja na vumbi lake. Devchand huyo, kashuka na taulo langu mkononi. Akaniambia, Zakayo, tunamwomba kila mtu, hata adui, hata ng'ombe. Rudi, mke wangu ameunguza dengu."

Tulicheka mpaka Fredy akaachia ziwa. Babu akajifuta macho na lile taulo. Akasema tangu hapo ilikuwa kila mwaka, mara ishirini na nane, tajiri anaingia jikoni na kuinama mbele ya mpishi, na mpishi anasema, nimekusamehe, bwana.

Hapo Vitus akashindwa kujizuia. Alisogea na kinasa sauti mpaka karibu na kidevu cha babu. "Na wewe, mzee? Na wewe ulikuwa unamwomba yeye msamaha? Maana desturi ni pande zote mbili!"

Uso wa babu ukajifunga. Nilimwona anakunja taulo, analikunjua, analikunja tena.

"Mwaka mmoja," alisema akiwa ananitazama mimi, wala si Vitus, "mama mwenye nyumba alisema dengu za Zakayo zimekuwa tamu kuliko siku zote. Wakaomba kuongezewa." Akalitandaza taulo gotini. "Kuna jambo la sufuria ile sikulisema kwa Devchand. Hata bibi yako sikumwambia. Nilikuwa nasema nimekusamehe, bwana, halafu namwangalia kisogo akitoka. Sasa siwezi kwenda kumwambia karatasi."

"Lakini mzee, hilo ndilo hasa..."

"Kijana, umekula kichwa. Utosheke."

Akasimama, akaenda kuchochea moto ambao haukuwa na haja ya kuchochewa.

Fredy alikuwa amelowa. Nikatoka naye kwenda kumbadilisha nyuma ya nyumba, penye kivuli cha ukuta. Muda si mrefu Vitus akanifuata. Nilidhani anakuja kunilaumu, au kuniomba nimshawishi babu asaini. Alichuchumaa pembeni, akamshika Fredy miguu ili asirushe teke. Nepi mpya ilipofungwa akanyoosha mkono, kile kinasa sauti kiko kiganjani.

"Mimi nikiuliza anafunga mlango," alisema. "Nimesoma miaka miwili na sijui kuuliza mtu alikuwa anapika nini. Zimebaki wiki mbili, na bila yeye sina kitu cha kupeleka."

"Ataniambia mimi, labda," nikasema. "Sijui kama atakubali uandike."

"Najua." Akanionyesha kitufe chekundu cha kuwasha, na cheusi cha kuzima, akakishika kidole changu akakipitisha juu ya vyote viwili ili nivijue bila kutazama. "Mimi nitabaki huku na mtoto. Ingia peke yako, Mama Fredy, umuulize wewe, kwa namna yako. Na akifika pale kwenye dengu, kabla hajasema, nakuomba uzime, halafu usije ukaniambia hata mimi."